Mwalimu Benedikto Kobelo: Mtani Aliyetufundisha Kulingoja Neno

Jumamosi tarehe 28 Juni 1913, Mwalimu Benedikto Kobelo anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha darasa la watoto wadogo katika shule yetu ya misheni, hapa mlimani juu ya Bigwa. Magoti yake yamemwambia imetosha. Yeye mwenyewe anasema magoti yalikwisha kumwambia zamani, ila alikuwa anazungumza na watoto, hakuyasikia.

Padri ameniomba niandike habari zake kwa Kiswahili kwa ajili yenu nyote, na kwa kifupi kwa Kidachi kwa ajili ya wageni Wajerumani wa kutoka bomani. Mimi ni Anastasia, binti Yuliana, nyumba ya tatu ukivuka mto. Nimechaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu tu. Kusema mbele za watu kunanishinda. Mikono haijui iende wapi. Ajabu ni kwamba Kidachi naweza kukisoma kwa sauti mbele ya mtu yeyote bila kutetemeka. Nadhani aibu yangu haijajifunza lugha hiyo bado. Kwa Kiswahili imehitimu, kwa hiyo leo mwingine atasoma, nami nitasikiliza.

Mwalimu alifika misheni mwaka 1889, na wala hakuja kufundisha. Alikuja kama mchukuzi, amejitwika mbao za madawati. Wenzake walipotua mizigo na kudai ujira wao na kuondoka, yeye alibaki anauliza yale maandishi juu ya masanduku yanasema nini. Akaambiwa: misumari. Akauliza ni herufi ipi inayosema msumari. Padri wa wakati ule, marehemu sasa, alicheka sana, akamkalisha na watoto. Mtu mzima, ndevu zimeota, magoti yanagusa kidevu, anasoma a, e, i, o, u. Miaka miwili baadaye aliwafundisha wale wale waliokuwa wakimcheka.

Mwaka wa nzige, watoto wote waliitwa mashambani kufukuza wadudu, na darasa likabaki tupu. Mwalimu naye akaenda. Akasema hesabu ni hesabu popote, wahesabu nzige. Mtoto mmoja akamwuliza, "Mwalimu, tukifika kumi tunaruhusiwa kuanza tena moja?" Mwalimu akatazama mbingu ilivyokuwa nyeusi, akamjibu, "Anza tena, mwanangu, hata Padri hajui namba ya hawa."

Na gari la moshi lilipofika Morogoro kwa mara ya kwanza, aliwateremsha watoto mjini wakalione. Njia nzima aliwahubiria: msiogope, ni chuma na maji ya moto, kama birika la bibi yako. Basi lile birika likapiga mluzi. Waliokuwapo wanasema Mwalimu alikimbia mpaka karibu na soko, na kiatu kimoja hakikuonekana tena. Siku ya pili watoto walipomtania darasani, alijibu kwa heshima zote kwamba mwalimu siku zote hutangulia, wanafunzi hufuata.

Mambo haya mnayajua, na wengi mnayasimulia vizuri kuliko mimi. Lakini nilipokubali kuandika, moyoni nilikuwa na habari moja tu, ya mdogo wangu Furaha. Nitaieleza yote, maana wengine mliona mwisho wake tu.

Furaha alichelewa kusema. Alisikia vizuri, ukidondosha punje ya mahindi nyuma yake atageuka. Alicheka, alielewa, ukimtuma maji ataleta. Lakini alifika miaka mitano bila jina la kitu hata kimoja kinywani. Alitaka kitu, atakuvuta mkono mpaka kilipo. Sisi tukawa mikono yake.

Wazee walitafuta dawa kwa njia ya kwetu. Walisema jina limemkataa mtoto. Alizaliwa akaitwa Furaha, jina la babu yake mama, likaondolewa. Mjomba wetu Rehani, kaka yake mama, anayeuza kuku kwenye stesheni ya Kingolwira, akampa jina Salehe. Kimya. Misheni ikambatiza Petro. Kimya. Bibi naye, bila kumwambia mtu, akaanza kumwita Maneno, akitumaini jina hilo litawaita wenzake. Walikuwa na nia njema wote. Mtoto akawa na majina manne na neno hana.

Mwanzoni mwa mwaka 1911 mama alimpeleka darasa la Mwalimu, na hapo ndipo kosa kubwa lilipotokea, kosa ambalo naamini lisingeweza kutokea kwa watu wengine ila sisi. Ukoo wa mama na ukoo wa Mwalimu ni watani. Kwa wageni wetu nieleze: mtani wako anaweza kuingia kwako bila hodi, akakuita mwizi, akanyakua kilichomo mkononi mwako. Huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, utatoa kuku. Ukitaka chako, kitaje, ukidai, utarudishiwa pamoja na tusi moja au mawili ya kusindikizia.

Sasa, darasani Mwalimu hufundisha kwa kuitikia pamoja. Anaelekeza fimbo mlangoni, watoto wanapaza sauti: mlango! Dirishani: dirisha! Furaha alifungua kinywa pamoja na wenzake na kukifunga pamoja nao, sawasawa kabisa, na sauti za wengine zikapita juu yake. Mwalimu aliridhika. Akakutana na mama mtoni, akamwambia, "Mwanao ana kinywa kizuri, mtani, anaitikia kuwashinda wote." Mama alidhani ni utani, tena ule wa kuchoma. Hakuweza kukasirika. Akacheka kama inavyopasa, akajibu, "Anaitikia kama wewe unavyowahi gari la moshi." Mwalimu akacheka akaenda zake. Mama akarudi nyumbani akalia jikoni, akasema ni moshi.

Hivyo wakataniana muhula mzima, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Masika ilipofika, siku moja mvua ilizuia watoto wote isipokuwa Furaha, kwa kuwa sisi tu karibu. Mwalimu akamkalisha peke yake, akaelekeza fimbo mlangoni. Furaha akafungua kinywa. Nje mvua, ndani hakuna kitu. Mwalimu akaelekeza dirishani. Furaha akafungua kinywa tena, vizuri, kama alivyozoea. Mwalimu alinisimulia baadaye kwamba pale aliweka fimbo chini, akakaa kwenye dawati la watoto, na hakujua la kufanya. Halafu akajifunika jani la mgomba, akaja kwetu na mvua ile ile. Alipiga hodi. Bibi aliposikia hodi ya mtani alishtuka, akajua kuna msiba.

Hakuja kutania. Aliomba radhi kwa mama, na mama akaomba radhi kwake, wakabishana nani ana kosa zaidi mpaka Bibi akawaambia wanyamaze, uji unapoa. Kisha Mwalimu akauliza swali dogo: mtoto huyu anaitwa nani? Mama akasema Petro. Bibi akasema Maneno. Mimi nikasema Furaha, kwa sababu chumbani, tukiwa wawili, sikuwahi kuliacha jina lile. Na sote tukakumbuka kwamba Mjomba anasema Salehe. Mwalimu akashika kichwa. "Mnataka ataje vitu, na yeye mwenyewe hajui anatajwaje?" Akasimama nyuma ya mtoto, akayaita majina yale moja moja, polepole. Furaha aligeuka kwa moja. Bibi alinuna siku kadhaa, lakini tangu siku hiyo nyumbani likabaki hilo moja, na Mwalimu alikwenda kumwomba Padri shuleni nako iwe hivyo. Padri alikubali. Namshukuru.

Pili, alisema lugha iwe moja kwanza, ile ya jikoni kwa mama, Kiluguru. Kiswahili na Kidachi vitasubiri, havina haraka. (Maneno ya Furaha nayaandika hapa kwa Kiswahili ili wote tuelewane.) Tatu, tuache kumsemea. Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Kabla ya kumpa kitu, ukishike karibu na uso wako, ulitaje jina lake mara moja, kisha ungoje kwa muda wa kusali Baba Yetu moyoni. Akisema, mpe. Asiposema, mpe vilevile. Mama akauliza, kwa nini apewe kama hakusema? Mwalimu akamwambia, "Usimfundishe njaa, mtani. Njaa anaijua. Mfundishe maji."

Nakiri kwamba sijawahi kusali Baba Yetu nyingi kiasi kile, wala kwa haraka kiasi kile. Mama hakuweza hata kidogo. Alifika "uliye mbinguni" akampa. Bibi aliruka moja kwa moja kwenye Amina.

Ndipo Mwalimu akaleta utani wake nyumbani kama kazi. Kila jioni akitoka shuleni alipitia kwetu, akaingia bila hodi, na kunyakua. Ananyakua kitambaa changu cha kichwa: "Nimepata tambara la kufungia mbwa!" Nami lazima nidai: "Kitambaa changu!" Ananyakua mwiko wa mama, kigoda cha Bibi kabla Bibi hajakaa. Nyumba ikawa kelele tupu, kila mtu anataja chake kwa nguvu ili akipate, na Furaha ameketi katikati anageuza kichwa huku na huku kama anayeangalia kuku wakipigana. Halafu Mwalimu ananyakua kijembe cha Furaha, kile kidogo cha kuchezea. Na wote tunanyamaza. Baba Yetu nzima. Kisha anamrudishia, "Kijembe," anasema, na kuondoka. Alifanya hivyo masika yote na kiangazi chote. Hakuna kilichotokea. Mimi nilikata tamaa, sikumwambia mtu. Mwalimu hakukata, au kama alikata hakutuambia.

Neno la kwanza halikuwa kijembe. Jioni moja kaa lilianguka kutoka mafigani, likabingirika mpaka karibu na mguu wa mama, na Furaha akasema, kwa sauti ya chini kabisa kama anayemwambia siri, "Moto." Mwalimu alikwisha kutuonya: siku ikifika msipige vigelegele, mtamtisha, neno litarudi ndani. Basi mama akasogeza mguu, akasema, "Ndiyo, moto," akatoka nje. Nilimfuata baada ya muda. Nilimkuta nyuma ya nyumba anacheza ngoma peke yake, kanga mdomoni, bila sauti yoyote.

Baada ya moto yakaja maji, na kuku, na machache mengine, kwa kuchelewa, mengine yana siku zake na siku nyingine hayapo. Kwetu sisi yalikuwa mengi. Kwa Mjomba Rehani hayakutosha. Mjomba si mtu mbaya, naye yupo hapa leo, ameniruhusu niandike. Watu wa Kingolwira walikuwa wakimwuliza habari za mpwa wake bubu, na swali hilo lilimchosha. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo la mwisho. Akatangaza: mavuno yakiisha na mtoto hasemi, atampeleka ng'ambo ya mlima, kwa ndugu wenye mbuzi, akachunge huko. Usiku mama alimshika Furaha kama aliyekwisha kuondoka.

Mavuno ya mwaka jana yakaisha. Mjomba akaja asubuhi, amevaa tarabushi yake nyekundu aliyoinunua Bagamoyo. Mtoto alipoiona kofia ile alijificha nyuma yangu. Mjomba akakaa, akala, akanawa.

"Nimekuja kumchukua Salehe," akasema.

Mama akasema, "Kaka, ameanza kusema."

"Amesema nini?"

"Moto. Maji. Kuku."

"Yuliana, hata kasuku wa Mhindi pale stesheni anasema zaidi ya hayo. Huko kwenye mbuzi ataishi kwa amani. Mbuzi hawaulizi kitu jina lake."

Hapo Mwalimu akaingia, bila hodi. Alikuwa amekimbia, magoti haya mnayoyajua, na mlima huu. Alikuja kumsihi Mjomba, na alikuwa ameandaa maneno yote njiani. Ameniambia mwenyewe kwamba alipoona furushi la nguo za mtoto limefungwa, liko mlangoni, maneno yote yalimtoka. Hakubakiwa na kitu ila kile alichozoea. Akanyoosha mkono, akainyakua tarabushi kichwani mwa Mjomba.

"Chungu changu cha kupikia kunde! Kumbe kilikuwa huku!"

"Benedikto," Mjomba akasema, "leo siyo siku ya utani."

"Utani hauna siku, mtani. Taja chako uchukue."

Mjomba alikunja uso. Kukasirika hakuweza, mbele ya dada yake na mama yake. Kutaja hakutaka, maana alikuja na jambo zito na alijua akifungua kinywa kwa mchezo, mchezo utamshinda. Akakaza midomo. Akakaa hivyo, kichwa wazi, upara unang'aa, mtu mzima wa watu amenyamaza kimya. Bibi aliingiza uso ndani ya kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mwalimu naye hakucheka. Alisimama ameishika kofia, jasho linamtiririka, na ukimya ukawa mrefu.

Nadhani Furaha aliujua ukimya ule kuliko sisi sote. Alitoka nyuma yangu. Akamtazama Mjomba usoni, akitazama midomo yake, akaona haitaki. Akaenda akaishika kanzu ya Mwalimu, akaivuta.

"Kofia," akasema. Akapumua. "Ya mjomba."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Tulikuwa tumefundishwa. Mwalimu akaiweka kofia mikononi mwa mtoto, akamwambia mpelekee, na Furaha akaipeleka kwa mikono miwili kama anabeba maji. Mjomba aliipokea, hakuivaa. Aliinama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Na mimi ni nani?"

"Mjomba."

"Na wewe?"

Hapo mtoto akanyamaza. Nilimwona mama midomo yake imeanza kusogea, na Mwalimu akamtazama tu, mama akaifunga. Nikaanza Baba Yetu. Niliisali polepole, nawaapieni, neno kwa neno, na nilikuwa nimefika kwenye mkate wetu wa kila siku aliposema, "Fulaha."

Mjomba akabaki ameinama. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, akamwambia mama, "Mbuzi wachungwe na wenye mbuzi," akaomba aongezewe ugali. Na Mwalimu akakaa chini pale pale mlangoni juu ya lile furushi la nguo.

Sitaki mdhani mambo yalikwisha siku ile. Furaha ana miaka saba sasa na bado anachelewa. Maneno marefu huyakata katikati, r haijafika, na akichoka hurudia kuvuta mkono. Lakini yuko kwetu. Hulala ubavuni mwangu, na asubuhi hunitajia vitu vya chumbani kimoja kimoja kabla sijaamka vizuri, na mimi nisiyeweza kusema mbele za watu nimejifunza kwake kwamba kuchelewa si kushindwa. Tangu hapo kina mama wengine wameleta watoto wao kwa Mwalimu, mmoja kutoka mbali huko Mzumbe, na yeye huanza na swali lile lile: mtoto huyu mnamwitaje?

Mwalimu, asante. Asante kwa madarasa yote, na kwa wale uliowafundisha kabla sijazaliwa. Asante kwa kuja na mvua, na kwa kupiga hodi siku ile ilipohitajika, na kwa kutopiga siku ya kofia. Unarudi Mgeta kwa dada yako, kwenye kabichi na viazi. Shamba likupokee vizuri, magoti yapate kupumzika, na watani wa huko wawe wapole kwako kuliko ulivyokuwa kwetu. Mungu akupe miaka mingi mizuri.

Baada ya kusomwa haya, zawadi za Mwalimu zitatolewa: blanketi, mwavuli, na jembe jipya. Furaha ndiye atakayezileta mbele, moja moja, na kabla ya kumpa Mwalimu kila moja ataitaja jina. Atachelewa. Tafadhali, wageni na wenyeji, msimsaidie.